UZI: Pensheni ya serikali haipunguzi tena Social Security yako. Wajane na wastaafu, nendeni mkaombe

Nyamisati

Wakuu, salaam kwenu nyote, mlioko huku Marekani na mliokwisha kurudi nyumbani.

Nafungua uzi huu wa Social Security, yaani mafao ya serikali ya Marekani kwa wastaafu na wajane, kwa sababu kila tukikutana misibani, msikitini au kanisani, bado nawasikia wazee wetu wakisema, "Mimi nina pensheni ya serikali kule nyumbani, ndiyo maana Social Security yangu wameikata." Au mama mwingine, "Nimestaafu shule ya serikali hapa Texas, niliambiwa ya marehemu mume wangu nisijisumbue kuiomba." Maneno hayo yalikuwa kweli kwa miaka mingi. Leo si kweli tena. Rais Biden alisaini sheria ya kufuta makato hayo tarehe 5 Januari 2025, na nguvu yake inarudi nyuma hadi malipo ya Januari 2024. Wengi wameshalipwa. Ila wapo ambao hawatapata hata senti mpaka waombe wenyewe, na hao ndio wanaoninyima usingizi.

Nitaeleza taratibu makato yenyewe yalivyokuwa, maana bila kuyaelewa huwezi kujua kama unahusika.

Ukifanya kazi hapa, kwenye mshahara wako hukatwa asilimia 6.2 ya Social Security na mwajiri anaweka 6.2 nyingine. Hapo unajikusanyia pointi, zisizozidi 4 kwa mwaka. Ukifikisha pointi 40, yaani kama miaka 10 ya kazi, una haki ya kulipwa uzeeni. Kiasi chenyewe wanakipata kwa kuchukua miaka yako 35 uliyopata kipato kikubwa zaidi, wakaihuisha kulingana na mishahara ilivyopanda, wakatoa wastani wa mwezi. Wastani huo unakatwa vipande. Kwa mtu aliyetimiza miaka 62 mwaka 2024, dola 1,174 za mwanzo analipwa asilimia 90 yake. Kinachofuata hadi dola 7,078 analipwa asilimia 32, na kinachozidi hapo asilimia 15. Hiyo asilimia 90 imewekwa makusudi ili mwenye kipato kidogo asidhalilike uzeeni.

Sasa chukua mtu aliyefundisha Iringa miaka 20, akaja Marekani na miaka yake 45, akalea wazee kwenye nyumba zao miaka 15. Kwenye daftari la hapa ana miaka 15 ya kipato na miaka 20 ya sifuri. Ukijumlisha na kugawa kwa 35, wastani unaanguka, anaonekana kama mtu aliyekuwa fukara maisha yake yote. Mwaka 1983 Bunge la Marekani likasema: huyu si fukara, ana pensheni nyingine ya kazi ambayo haikukatwa kodi yetu, kwa hiyo asilimia 90 haimstahili. Ikashushwa hadi 40. Hiyo ndiyo iliyoitwa WEP.

Iliwakumba walimu wa Texas na California, polisi na wazima moto wa Massachusetts, watumishi wa umma wa Ohio, wafanyakazi wa serikali kuu walioajiriwa kabla ya 1984 na kubaki kwenye mfumo wao wa zamani. Na iliwakumba watu wenye pensheni za nchi nyingine. Hapo ndipo walipoingia walimu wetu, wauguzi wetu, mabwana shamba wetu, watu waliotumikia Tanzania, Kenya au Uganda kabla ya kuvuka bahari.

Tufanye hesabu. Mtu ana wastani wa dola 2,000 kwa mwezi. Kwa kanuni ya kawaida: asilimia 90 ya 1,174 ni 1,056.60, asilimia 32 ya zile 826 zilizobaki ni 264.32. Jumla yake ni kama dola 1,320. Kwa WEP kipande cha kwanza kinakuwa 469.60, jumla inashuka hadi kama 733. Dola 587 zimekwenda, kila mwezi, na hicho ndicho kilikuwa kiwango cha juu cha kukatwa kwa waliotimiza miaka 62 mwaka huo. Aliyekuwa na zaidi ya miaka 20 ya kipato cha kutosha hapa Marekani alipunguziwa makato kidogo kidogo, na aliyefikisha 30 hakuguswa.

Kulikuwa na kikomo kimoja: makato yasizidi nusu ya hiyo pensheni nyingine. Kwa mwalimu wa hapa mwenye pensheni nene kikomo hicho hakikumsaidia sana. Kwa watu wetu ndicho kilichokuwa kikitumika karibu kila mara. Mwenye pensheni ya TSh 600,000, ukipiga dola kwa TSh 2,600, anapata kama dola 230. Akawa anakatwa 115. Kwa hiyo nusu ya kile alichokitolea jasho kwa kufundisha watoto wa nchi yake kilikuwa kinarudi kutolewa kwenye mafao aliyoyatolea jasho huku, katika kazi nyingine kabisa, kwa kodi aliyokatwa senti kwa senti. Pensheni ambayo tayari imeliwa na kushuka kwa shilingi! Mtu ananieleza hivyo huku ameshika barua yake, nami sikuwa na la kumwambia.

Makato ya pili yaliitwa GPO, yalianza mwaka 1977. Haya yaliwahusu wenye pensheni za serikali za hapa hapa Marekani, za majimbo, wilaya na serikali kuu. Pensheni za nje hazikuingia. Ukiwa mke, mume, mjane au mgane, ulichostahili kupitia rekodi ya mwenzako kilipunguzwa kwa theluthi mbili za pensheni yako. Wajane wengi walijikuta na sifuri.

Vyote viwili vimefutwa. Baraza la Wawakilishi lilipitisha kwa kura 327 dhidi ya 75, Seneti kwa 76 dhidi ya 20. Aliyekuwa tayari anapokea kilichokatwa, amerekebishiwa bila kuomba. Aliyekata tamaa asiombe kabisa, huyo faili lake halipo, kwa hiyo hakuna wa kumrekebishia.

Karibuni kwa maswali. Ninayoyajua nitajibu.

---

Mwalimu wa Kisii

Asante sana dada Nyamisati. Naomba nithibitishe haya kwa yaliyonipata, wasije watu wakadhani ni porojo za mitandaoni.

Nilifundisha chini ya TSC, tume ya kuajiri walimu ya Kenya, hadi nilipostaafu mapema, nikaja Lowell, Massachusetts, kwa watoto. Nimefanya kazi hapa hadi nikapata pointi zangu. Kwa wasiojua, sisi walimu wa zamani wa Kenya pensheni yetu inatoka Hazina ya Taifa. Hatukuwa tukichangia, mfumo wa kuchangia ulianza Januari 2021 kwa watumishi walio chini ya miaka 45. Nilipoomba Social Security nikaulizwa kama nina pensheni ya kazi isiyokatwa kodi ya hapa. Nikasema ninayo. Nikaleta karatasi, wakapiga hesabu, wakanipunguzia. Baada ya hapo, shilingi ya Kenya ikipanda au ikishuka, wasiwasi juu yangu.

Mwaka 2025 mwezi Machi ziliingia pesa za nyuma kwa mkupuo, kisha Aprili kiwango kipya. Barua ilinifikia baada ya pesa. Sikujaza fomu yoyote.

Swali langu: ndugu yangu mmoja anasema kwa kuwa sasa hawakati, hakuna haja tena ya kuitaja pensheni ya nyumbani popote. Je, ni sawa?

---

Nyamisati

Shikamoo Mwalimu. Nimefurahi kusikia kutoka kwako.

Hapana, si sawa, na tafadhali mwambie ndugu yako mapema. Kwenye Social Security pensheni hiyo haikupunguzii tena. Lakini kwenye kodi ya mapato, ukiwa raia au mkaaji wa kudumu, Marekani inataka mapato yako ya dunia nzima. Pensheni ya Hazina inaandikwa kwenye fomu ya kodi ya kila mwaka. Kenya na Marekani hazina mkataba wa kodi ya mapato, Tanzania nayo vilevile, kwa hiyo usisikilize anayekwambia kuna msamaha wa mkataba. Na zile pesa za nyuma ulizolipwa 2025 nazo huhesabiwa kwenye kodi. Ipo njia halali ya kuigawa sehemu ya miaka iliyopita kana kwamba ulilipwa wakati wake, kama hivyo inakupunguzia kodi. Mwulize anayekuandalia kodi kuhusu njia hiyo. Wengi hawaitaji mpaka uulize.

---

BintiLikoni

Dada Nyamisati, Mungu akubariki. Mimi nauliza kwa ajili ya mama yangu mkubwa aliyeko Houston.

Alikuwa mwalimu msaidizi, kisha mwalimu kamili, shule ya serikali. Amestaafu na pensheni ya walimu ya Texas, dola 2,400 kwa mwezi. Mumewe alikuwa dereva wa lori, akafariki 2019, na Social Security yake ilikuwa dola 1,500. Wakati wa msiba mtu aliyekuwa akimsaidia makaratasi alimwambia kwa pensheni yake hatapata chochote, asipoteze muda. Hakuomba. Sasa amesikia habari hizi na anaogopa kwenda, anasema wataona amechelewa miaka yote hii.

Je, amechelewa? Na atalipwa tangu 2024 kama wengine?

---

Nyamisati

BintiLikoni, ujumbe wako ndio hasa uliokuwa kichwani mwangu nilipofungua uzi huu.

Kwanza mtoe hofu. Hakuna kosa alilofanya na hakuna adhabu ya kutoomba. Aliyemwambia hivyo wakati ule alikuwa sahihi kwa hesabu ya wakati ule: theluthi mbili za 2,400 ni 1,600, na 1,600 inaimeza 1,500 yote. Sasa hiyo 1,600 haitolewi tena. Kama hana Social Security yake mwenyewe, na ametimiza umri kamili wa kustaafu (umri ambao mafao hayapunguzwi kwa kuchukua mapema), anaweza kustahili 1,500 nzima pamoja na nyongeza za kupanda kwa gharama za maisha zilizowekwa tangu hapo, juu ya pensheni yake ya Texas. Kama mume alianza kuchukua mapema, kabla ya umri kamili, hiyo 1,500 tayari ni kiasi kilichopunguzwa kwa sababu hiyo.

Sasa kwenye kuchelewa ndipo pa kuharakisha. Waliokuwa na maombi tangu zamani wamelipwa kurudi nyuma hadi Januari 2024. Anayeomba sasa kwa mara ya kwanza anakutana na kanuni ya kawaida: mjane aliyetimiza umri kamili hulipwa nyuma miezi isiyozidi sita kutoka siku ya kuomba. Kila mwezi anaokaa nyumbani akiogopa, dola 1,500 zinampita. Asisubiri mjukuu afunge shule. Wiki hii apige simu.

Maombi ya mjane hayakamilishwi kwenye mtandao. Anapiga simu kupanga miadi, au anakwenda ofisi ya karibu. Aandae namba yake ya Social Security na ya marehemu, cheti cha kifo, cheti cha ndoa, na namba ya akaunti ya benki. Ndoa ilifungwa wapi?

---

BintiLikoni

Ilifungwa Tanga, kwa sheikh. Cheti kipo lakini ni kile cha zamani cha BAKWATA, kimeandikwa kwa mkono na kwa Kiswahili.

---

Nyamisati

Kipeleke hivyo hivyo, cha asili, si fotokopi. Wana watu wao wa kutafsiri. Asilipe mtu wa nje. Kama maandishi yamefifia, mwenye ndugu Tanga aanze kufuatilia nakala, lakini maombi yasisubiri hilo. Siku ya kuomba inahesabiwa tangu alipowasiliana nao na kueleza nia ya kuomba, vielelezo vinaweza kufuata. Amwambie wa kwenye simu waziwazi kwamba anataka tarehe hiyo iandikwe.

Jambo jingine, na wajane wote wasome hapa. Kufutwa kwa GPO hakukuondoa kanuni ya zamani inayosema hulipwi mafao mawili ya Social Security kwa ukamilifu. Kama mama mkubwa naye alifanya kazi nyingine iliyokatwa kodi na ana dola 400 zake, atalipwa hizo 400 na nyongeza ya kufikisha 1,500. Hatalipwa 1,900. Pensheni ya Texas iko nje ya hesabu hiyo, anaendelea kuipokea yote. Nimeona kina mama wakirudi wakilia wakidhani wamedhulumiwa, kumbe hakuna aliyewaeleza hili mapema.

---

Mhasibu Mtaratibu

Nakushukuru kwa maelezo, yamenyooka. Lakini naomba nitoe upande wa pili, kwa heshima.

Ile WEP ilikuwa na mantiki. Ofisa elimu wa wilaya aliyestaafu na pensheni ya dola 7,000, akafanya kazi ndogo ndogo za majira ya joto hadi akapata pointi 40, kwa nini apewe asilimia 90 iliyowekwa kwa ajili ya masikini? Ofisi ya bajeti ya Bunge la Marekani ilikadiria kwamba kufuta vyote viwili kutagharimu kama dola bilioni 196 kwa miaka 10, na mfuko utakauka kama miezi sita mapema zaidi. Ripoti ya wadhamini ya 2025 inasema mfuko wa wastaafu na wajane utafikia mwisho wa akiba mwaka 2033, na baada ya hapo kodi zitakazoingia zitatosha asilimia 77 tu ya mafao. Sisi tulio na miaka 40 na kitu tutakuja kulipa haya. Tusishangilie tu.

---

Nyamisati

Mhasibu, hoja yako ni ya kweli na namba zako ni sahihi. Mimi pia naamini ofisa wa dola 7,000 hakustahili asilimia 90. Tatizo la WEP lilikuwa kwamba ilimpiga ofisa huyo na mpishi wa shule kwa rungu moja. Mwenye kipato kidogo, ambaye karibu mafao yake yote yako kwenye kile kipande cha kwanza, ndiye aliyepoteza sehemu kubwa zaidi ya mafao yake. Kwa miaka mingi kulikuwa na mapendekezo ya kuweka kanuni ya uwiano, mtu ahesabiwe kwa sehemu ya maisha yake ya kazi aliyochangia. Mimi ningeikubali hiyo. Bunge likashindwa kukubaliana, likafuta yote.

Lakini mjane wa Houston hakuyatunga haya. Kama mfuko una upungufu, urekebishwe kwa kodi na kwa watu wote. Kumnyima yeye 1,500 hakukuwa njia ya haki ya kuuokoa.

---

Mhasibu Mtaratibu

Hapo kwenye uwiano tunakubaliana kabisa. Na mama mkubwa aende akaombe, sikupinga hilo hata kidogo.

---

Mtoto wa Bukavu

Jambo kwenu wote. Mama Nyamisati, mimi niko Columbus, Ohio. Papa yangu alifika hapa kama mkimbizi, akaendesha basi la shule miaka 12, sasa amestaafu, ana pensheni ndogo ya wafanyakazi wa shule. Kabla ya basi alifanya kazi ghala, huko ndiko alikokatwa Social Security. Tumeangalia kwenye mtandao, ana pointi 28. Tulisikia sheria imebadilika tukafurahi, lakini wamemwambia hapati. Kwa nini? Na miaka aliyofanya serikalini Congo haiwezi kuongezwa?

---

Nyamisati

Karibu sana, kijana wangu, na mpe papa salamu.

Sheria hii iliondoa makato, haikutoa haki mpya. Pointi 40 ziko palepale. Miaka ya basi la shule Ohio haikuleta pointi kwa sababu watumishi wa umma wa Ohio hawakatwi Social Security, wana mifuko yao. Na miaka ya Congo haiongezwi. Marekani ina mikataba ya kuunganisha miaka ya kazi na nchi kama 30, nyingi za Ulaya, na hakuna hata moja ya Afrika. Mfaransa anaunganisha, Mkongomani haunganishi. Jumuiya zetu zingefanya vizuri kuwaandikia wabunge wao kuhusu jambo hilo, na balozi zetu zingelisukuma.

Lakini papa ana milango miwili. Anapungukiwa pointi 12, yaani miaka mitatu. Mwaka 2025 pointi moja ilikuwa dola 1,810 za kipato, nne zilikuwa 7,240 kwa mwaka mzima. Kazi ndogo ya siku mbili kwa wiki kwa mwajiri anayekata Social Security inamfikisha, kama afya inaruhusu. Mafao yatakuwa madogo, lakini ni ya maisha. Tena pointi 40 zinampa haki ya Medicare (bima ya afya ya wazee) ya hospitali bila kulipia ada ya kila mwezi, kama hana haki hiyo kwa njia nyingine, na kwa mzee hiyo ni mali.

Mlango wa pili: mama yako alifanya kazi?

---

Mtoto wa Bukavu

Ndiyo, hoteli, miaka mingi. Ana Social Security yake tayari, dola 1,300.

---

Nyamisati

Basi anza na huo wa pili, hata kabla ya kutafuta kazi. Mume anaweza kulipwa kupitia rekodi ya mkewe hadi nusu ya kiasi ambacho mke angepata katika umri kamili, kama mume naye amefikia umri kamili. Yeye hahitaji pointi zozote za kwake. Zamani pensheni yake ya shule ingekata karibu yote. Sasa haikati. Kwa 1,300 tunazungumzia kama dola 650 kwa mwezi, na mama hapunguziwi hata senti moja. Kabla ya umri kamili angelipwa pungufu, kwa hiyo aulize kiasi cha kila umri. Hili anaweza kuliomba kwenye tovuti ya ssa.gov.

---

Mtoto wa Bukavu

Aksanti sana mama. Hakuna aliyetuambia hii ya kupitia kwa mama. Kesho tunaingia.

---

Kipepeo wa Kitui

Hamjambo. Mimi nimemleta mamangu kutoka Kenya, alikuwa muuguzi wa serikali, ana pensheni ya KSh 25,000. Hajafanya kazi hapa. Sasa ni raia, na anapokea SSI. Kuna mtu kwenye kundi la WhatsApp anasema kwa sheria hii pensheni ya Kenya haihesabiwi tena, na kwa dola 300 atatufuatilia tulipwe kilichokatwa. Nilipe?

---

Nyamisati

USILIPE. Narudia kwa herufi kubwa ili na wengine waone.

SSI na Social Security hulipwa na ofisi moja lakini ni vitu viwili. Social Security unailipia kwa kodi ya mshahara. SSI ni msaada kwa mzee au mlemavu mwenye kipato na mali kidogo, na karibu kila kipato kinahesabiwa. Sheria ya 2025 haikuigusa. KSh 25,000, dola ikiwa kwenye KSh 129, ni kama dola 194. Wanaacha dola 20 za mwanzo, zinabaki 174. Kiwango cha juu cha serikali kuu kwa mtu mmoja mwaka 2025 kilikuwa 967, kwa hiyo kwa mwaka huo alistahili kama 793, kama hana kipato kingine na hapewi malazi ya bure kwa namna inayohesabiwa. Kama hapo ndipo alipo, hajaibiwa.

Na kama pensheni ya Kenya haikutajwa kwenye maombi yake ya SSI, nendeni mkaitaje sasa. Wakiigundua wenyewe, wanaweza kudai ya miaka iliyopita.

Kuhusu huyo wa dola 300: kuomba Social Security au kuulizia marekebisho haya ni bure. Wakili halali wa rufaa yupo, lakini ada yake inaidhinishwa na ofisi yenyewe, haitumwi kwa simu kabla ya kazi. Wasimamizi wa kundi lenu wamwondoe mtu huyo leo, kabla hajampata mzee mwingine.

---

Kipepeo wa Kitui

Asante, nimeshapeleka uzi huu kwa msimamizi wa kundi. Kumbe hakuwa ametuma kwangu peke yangu.

---

Rudi Moshi

Ndugu zangu, mimi nimesharudi, niko Moshi. Nilifanya kazi Marekani hadi nikapata pointi 40, sikuchukua uraia. Nina pensheni kidogo ya PSSSF, mfuko wa watumishi wa umma Tanzania, ya miaka niliyotumikia halmashauri. Nilistaafu kwa kikokotoo (kanuni ya kukokotoa mafao) cha 2022, nikachukua mkupuo wa asilimia 33, kinachobaki nalipwa kwa mwezi. Social Security yangu ilikatwa WEP, kisha mwaka jana imeongezeka. Ila bado wanakata karibu robo. Nilidhani ni WEP haijaisha.

---

Nyamisati

Mkuu, hiyo si WEP. Asiye raia wala mkaaji wa Marekani hukatwa kodi ya asilimia 30 kwenye asilimia 85 ya mafao, ambayo ni asilimia 25.5 ya jumla. Hiyo ndiyo robo yako. Inatokana na kuishi kwako nje bila uraia, na haihusiani na PSSSF wala kikokotoo.

Kwa wengine wanaofikiria kurudi: asiye raia akikaa nje miezi sita mfululizo malipo husimama, isipokuwa yupo kwenye kundi lililosamehewa. Raia wa Tanzania au Kenya mwenye pointi 40 zake mwenyewe yumo kwenye kundi hilo, kwa hiyo wewe uko salama. Mjane anayelipwa kupitia rekodi ya marehemu ana masharti zaidi. Kwa kawaida lazima awe alikaa Marekani miaka 5 katika ndoa hiyo. Msipandishe kontena la kwenda Mombasa au Dar kabla ya kuuliza hilo.

Na wewe uliye Moshi, wanatuma fomu ya kuthibitisha kwamba bado uko hai na anwani haijabadilika, SSA-7162. Isiporudi, malipo yanasitishwa. Kama sanduku lako la posta lilibadilika, waandikie mapema.

---

BintiLikoni

Dada Nyamisati, nimerudi na taarifa. Mama mkubwa amepiga simu leo asubuhi, nilikuwa pembeni yake. Wamempa miadi, na wamesema tarehe ya leo ndiyo itakayoandikwa kuwa ya maombi. Wameuliza kama aliwahi kuolewa tena, akasema hapana. Cheti cha Tanga wamesema alete.

Ameniuliza jambo moja nimeshindwa kulijibu: hii pesa ikianza kuingia, nyumba yake ya kupanga ya wilaya si watampandishia kodi?

---

Nyamisati

Alhamdulillahi!

Ndiyo, kama kodi yake ya nyumba inapangwa kwa kipato, itapanda, kwa kawaida karibu asilimia 30 ya kipato kinachoongezeka. Bado anabaki na sehemu kubwa. Akishapata barua ya kiasi kipya, aipeleke ofisi ya nyumba mwenyewe bila kusubiri waulize, na abaki na nakala yenye mhuri wa kupokelewa. Aulize pia kama ana msaada wowote wa kulipia Medicare, maana kipato kikizidi kikomo msaada huo unaweza kuondoka, na ni bora ajue kabla ya kwenda duka la dawa.